Kadi ya Mnyaa

Arusha, 8 Septemba 2024

Mpwa wangu Imakulata,

Nakusalimu wewe na dada yangu Hilaria, na cherehani yako nayo naisalimu, maana najua ndiyo inayowatunza nyie wawili hapo Makanyagio, Mpanda. Mimi nipo. Goti la kulia linatabiri mvua vizuri kuliko redio, na masikio yamekwisha kabisa. Ndiyo sababu nilikuomba usinipigie simu. Nikisikia nusu ya neno, nusu nyingine naijaza mwenyewe, na mtu aliyesahihisha prufu za vitabu kwa miaka thelathini na moja hawezi kuishi hivyo. Barua ukimpa kondakta wa basi inanifikia, na ninaisoma mara mbili.

Macho ya dada yanaendeleaje? Barua iliyopita uliandika kwamba anaona mwanga wa mlango tu. Mwambie namkumbuka.

Sasa nina jambo dogo. Unajua mimi ni mwanachama wa Chama cha Dungusi hapa mjini. Tupo watu ishirini na wawili, tunakutana Jumamosi ya kwanza ya mwezi nyuma ya nyumba ya mwenyekiti wetu, Mama Recho, kila mmoja na makopo yake. Tunapenda mimea inayotunza maji mwilini na kusubiri: dungusi, mishubiri, minyaa, na mingine ambayo wapita njia wanaiita miiba tu. Wenzangu wana vitu vya fahari, kutoka Meksiko, kutoka Madagaska. Mimi nina mnyaa. Ndiyo, mnyaa uleule wanaozungushia zizi la ng'ombe, ukiuvunja unatoa maziwa yanayochoma macho. Waliucheka siku ya kwanza. Hawakuucheka tena walipoisoma kadi yake.

Kwetu mmea usio na kadi ni yatima. Kadi inasema ulitoka wapi, tarehe ngapi, kwa mkono wa nani. Na kadi haifutwi. Ukigundua kosa, unalipiga mstari mmoja, ili lisomeke, unaandika sahihi chini yake, kisha tarehe na jina lako, mbele ya wanachama wote. Katika miaka yangu yote hapa, kadi yangu haijawahi kupigwa mstari.

Inasema kwamba mnyaa wangu ni tawi nililolikata kwenye kaburi la mama yangu, kijijini kwetu Lunyala, njia ya Usevya, Aprili 1978. Januari tutakuwa na maonyesho makubwa, na mnyaa wangu umechaguliwa kukaa mlangoni. Mama Recho anataka picha ya mti mama, ule uliobaki kaburini. Ukipata nafasi ya kwenda Lunyala, nipigie picha, uisafishe dukani, uniletee kwa basi.

Mjomba wako,
Gelasius


Makanyagio, 2 Oktoba 2024

Mjomba, shikamoo.

Sisi hatujambo, tunamshukuru Mungu. Mama anakula, anasali rozari yake, anagombana na kuku. Jana alikanyaga mmoja akasema, "Na wewe huoni?" Nimepata kazi ya sare za kwaya, mashati arobaini, kwa hiyo naandika huku uzi uko mdomoni.

Nimemsomea barua yako yote. Alipenda pale walipoucheka mnyaa. Lakini nilipofika kwenye kaburi na mnyaa alinyanyua mkono, akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akaweka rozari chini, akasema, "Muulize kama ana uhakika." Nikamwambia Mama, Mjomba ana kadi. Akasema, "Basi kama ana kadi."

Mjomba, bora ulivyoniandikia, maana nasi tulikuwa na habari ya hukohuko Lunyala tukashindwa tuanzie wapi. Barabara inapanuliwa. Makaburi yaliyo pembeni yote yatahamishwa kabla ya mwisho wa Aprili. Nilikwenda kwenye kikao cha kata. Wamesema kila ukoo uonyeshe kaburi lake, lipigwe rangi na kuandikwa jina, halafu mabaki yatahamishiwa kwenye makaburi mapya kule juu, kila mtu na msalaba wake. Anayetakiwa kuonyesha ni mtoto wa marehemu. Makaburi yasiyo na mwenyewe, au yenye ubishi, yatawekwa pamoja katika shimo moja bila jina.

Kwa Bibi pale pamebaki makaburi mawili ubavu kwa ubavu. Vibao vililiwa na mchwa zamani. Moja lina huo mnyaa wako, mkubwa kama nyumba. Lingine lina mishubiri imejazana. Mama anasema Bibi yuko kwenye mishubiri. Anasema aliipanda kwa mkono wake siku ya arobaini, kichipukizi kimoja tu, alikibeba kwenye upande wa kanga.

Sasa wewe unasema mnyaa. Mjomba, njoo. Watoto wa Bibi mmebaki wawili, na mmoja haoni. Njoo muonyeshe pamoja. Goti tutalikanda.

Mpwa wako,
Imakulata


Arusha, 19 Oktoba 2024

Mpwa wangu,

Salamu nyingi. Nimefurahi kusikia ya mashati ya kwaya, na kuku nimemwonea huruma. Huku baridi inaondoka, dungusi za Mama Recho zimeanza kutoa maua ya siku moja. Tunaalikana kuyatazama kama watu wanaokwenda kumwona mtoto mchanga.

Habari ya barabara imenishtua, lakini haina haja ya kutusumbua. Dada yangu ana miaka themanini na moja. Amezika watu wengi pale Lunyala, na kumbukumbu ni kama kitambaa, ukikifua mara nyingi rangi zinaingiliana. Simlaumu. Lakini mimi niliandika. Niliandika siku ileile, nikiwa nimekaa kwenye gunia nyuma ya lori la kurudi, kabla mkono haujasahau. Tangu hapo karatasi ikichakaa nainakili upya, neno kwa neno. Nimeinakili mara saba. Mama yuko chini ya mnyaa.

Ili kukupunguzia safari, nimeshaandika barua kwa ofisi ya kata. Nimeambatanisha nakala ya kadi, nimeweka sahihi yangu kama mtoto wa marehemu, na Mama Recho ameshuhudia. Nadhani itatosha. Watu wa ofisi wanaheshimu maandishi.

Kuja siwezi kwa sasa. Kuna goti, na kuna maandalizi ya maonyesho. Chama kimenipa kazi ya kusoma kadi zote mia tatu na kuondoa makosa.

Mwambie dada asiwe na wasiwasi.

Gelasius


Makanyagio, 25 Novemba 2024

Mjomba, shikamoo.

Mvua zimeanza, Makanyagio nzima ni tope, bodaboda wanatuvusha kama mizigo. Mama amepata kikohozi lakini kinapungua. Sare za kwaya nimemaliza, wameimba nazo, shati moja tu lilifumuka, la mwimba besi.

Mjomba, sitazunguka. Barua yako imefika kata na imeleta mambo.

Nilikwenda Lunyala Jumanne na mtendaji wa kata, kupiga rangi. Tulikuta watu wamekaa chini ya mnyaa wanatusubiri, wanaume watatu na mama mmoja. Mkubwa wao anaitwa Danford, fundi baiskeli wa Usevya. Akasema, "Nyie ndio mnaotaka kumchukua babu yetu?"

Nikamwambia, "Babu yako nani?"

"Kasimiri. Kasimiri mrina asali. Huyu hapa. Mnyaa huu tulikuwa tunaonyeshwa tangu tukiwa watoto wadogo: msivunje, ni wa babu."

Mtendaji akatoa barua yako na kadi, akawasomea. Wakasikiliza mpaka mwisho, kwa adabu kabisa. Halafu yule mama akasema, "Mzee kaandika vizuri. Lakini kaandika juu ya babu yetu." Danford akaniuliza, "Huyo mjomba wako aliwahi kulala hata siku moja hapa tangu bibi yenu azikwe?" Nimekuletea swali lake, Mjomba. Ungekuwa wewe ungemjibuje?

Mtendaji amesema yeye hana neno na mtu. Kwake kuna karatasi yenye sahihi na shahidi, na upande wa pili kuna mdomo wa ajuza asiyeona na watu waliozaliwa baadaye. Anasema karatasi ina nguvu, lakini hawezi kuwanyang'anya watu babu yao. Kwa hiyo ameandika "ubishi" kwenye makaburi yote mawili. Watoto wa marehemu msipokubaliana kabla ya mwezi wa nne, Bibi na Kasimiri wataingia shimo la pamoja, bila jina.

Nilimwambia Mama niliporudi. Hakulia. Alisema, "Mama yangu atalala kama gunia lisilo na mwenyewe, kwa sababu mtoto wake anajua kuandika."

Samahani Mjomba, lakini amesema hivyo, nami nimeandika kama alivyosema. Picha ya mnyaa nimeiweka humu. Danford mwenyewe ndiye aliyesimama pembeni ili uone ukubwa.

Njoo, au uandike barua ya kufuta ile.

Imakulata


Makanyagio, 14 Januari 2025

Mjomba, shikamoo.

Krismasi imepita, mwaka umeingia, hatujapata hata mstari kutoka kwako. Nimemuuliza kondakta mara tatu, anasema barua ile alikukabidhi mkononi. Kama unaumwa mwambie mtu atuandikie. Kama umekasirika, kasirika lakini utuandikie.

Mama ameacha kuuliza. Asubuhi anakaa mlangoni, anatandaza vidole juani, anavihesabu. Nilimuuliza anahesabu nini, akasema miezi.

Imakulata


Arusha, 9 Februari 2025

Imakulata, mwanangu,

Nawasalimu. Siumwi, wala sina hasira na mtu yeyote aliye hai isipokuwa mmoja. Nimeketi kuandika barua hii mara nyingi tangu Desemba, na kila mara nimeishia kwenye salamu. Leo nimeamua salamu ziwe fupi.

Wiki mbili kabla ya Krismasi, Mama Recho alikuja kwangu kuchagua chungu cha kuwekea mnyaa. Nikampa picha uliyoleta. Akaitazama, akaitazama kadi, akaitazama picha tena. Ni mwanamke asiye na haraka. Akachukua penseli yangu na daftari, kwa sababu ndivyo watu wanavyozungumza nami, akaandika: "Mama alifariki lini?"

Nikamjibu kwa mdomo, "Februari 1978."

Akaandika: "Na tawi ulikata lini?"

"Aprili, mwaka uleule. Tarehe ishirini na mbili."

Akaisogeza kadi mbele yangu, akaweka kidole chini ya mstari wa nne. Nitakunakilia mstari huo hapa, kama nilivyounakili mara saba: "Shina nene kama paja langu. Matawi yamevuka kichwa changu. Udongo wa kaburi umelala sawa na ardhi, umeota nyasi."

Alinywa chai yake akaondoka.

Imakulata, hata mtu akipanda gogo zima la mnyaa, matawi hayavuki kichwa cha mtu mzima kwa miezi miwili. Kaburi la miezi miwili bado ni tuta, tena tuta la mvua za Februari, jekundu, lisilo na jani. Mtoto yeyote wa Lunyala anajua hilo. Mimi nimewafundisha watu hapa namna ya kukadiria umri wa mnyaa kwa unene wa shina lake. Nimesahihisha kadi mia tatu za wenzangu. Yangu nilikuwa naiangalia tahajia.

Sasa nitakuandikia jinsi ilivyotokea, uisome kwa sauti mbele ya dada yangu, usiruke neno.

Siku ile nilishuka kwenye lori saa nne asubuhi. Sikupita nyumbani. Nilikwenda makaburini moja kwa moja ili nimalize kulia kabla sijakutana na mtu. Nilipofika nikakuta makaburi mengi kuliko nilivyotarajia, vibao vya mti vingine vimeanguka, vingine vimeoshwa na mvua. Nikagundua kwamba silijui kaburi la mama yangu. Kulikuwa na wanawake wanapalilia ng'ambo ya njia. Ningeweza kuuliza. Lakini mtoto wa kiume, msomi, mwenye viatu vya Arusha, anasimama njiani anauliza, "Jamani, mama yangu amezikwa wapi?" Sikuweza. Nikatazama, nikaona kaburi moja lina mmea mkubwa wa kijani, limetunzwa, nikajiambia hili ndilo, maana dada yangu ni mtu wa kutunza. Nikapiga magoti. Nikakata tawi. Lori lilikuwa linarudi saa saba, nikapanda.

Huo ni mstari mmoja wa kosa. Kuna mwingine, na huu haumo kwenye kadi yoyote.

Dada yangu, nilikuambia kwamba ile simu yako ya maandishi ya posta ilichelewa, kwamba ilinifikia tarehe ishirini wakati Mama ameshazikwa. Ilinifikia tarehe tisa. "MAMA MGONJWA SANA NJOO HILARIA." Mama alifariki tarehe kumi na nne. Nilikuwa na siku tano. Kulikuwa na kitabu cha jiografia cha shule mezani kwangu, na msimamizi alikwisha kunipa ruhusa. Nilisema nimalize sura moja. Halafu nyingine. Ukweli ni kwamba Mama alikuwa ameugua mara nyingi na kupona, na mimi nilitaka apone mara moja zaidi ili nisiione sura yake ikiwa mgonjwa. Leo ni tarehe tisa. Nimeichagua.

Baada ya hapo kila mwaka uliopita uliufanya mwaka uliofuata kuwa mgumu zaidi. Nikawa na mnyaa. Nilikuwa naumwagilia, naugeuza juani, nampa habari Mama. Miaka arobaini na sita nimempa habari Kasimiri mrina asali.

Maonyesho yalifanyika. Mnyaa sikuupeleka.

Barua ya kufuta ile ya kwanza nimeiandika, ipo ndani ya bahasha hii, imeshuhudiwa. Ipeleke kata. Na waombe radhi ndugu za Danford, na Danford mwenyewe. Sijui kama hiyo inatosha. Sistahili kuuliza lingine.

Gelasius


Makanyagio, 3 Machi 2025

Mjomba wangu, shikamoo.

Barua ilifika Jumatatu iliyopita. Nilifunga mlango, nikaisoma kwa sauti kama ulivyosema, sikuruka. Nilipomaliza, Mama aliniambia nimpe maji. Akanywa. Akasema nisome tena kuanzia pale pa lori. Nikasoma. Wiki nzima alikuwa anaongea habari za chumvi na mkaa tu. Leo asubuhi ameniambia, "Chukua kalamu. Andika ninavyosema mimi, usinitengenezee." Kwa hiyo kuanzia hapa ni yeye.

Gelasi. Mimi ni Hilaria.

Nimesikia. Ile simu ya maandishi nilijua. Karani wa posta alikuwa ananunua mihogo kwangu, aliniambia imepokelewa Arusha siku ileile, kuna mtu ameweka sahihi. Nilikuwa nangoja uniambie. Sikujua kwamba nitangoja mpaka macho yaishe.

Lakini wewe umesema lako, na mimi nina langu, usidhani mwenye kadi mbaya ni wewe peke yako.

Wale wanawake waliokuwa wanapalilia ng'ambo ya njia, mmoja alikuwa mimi.

Nilikuona unashuka. Nilijua ni wewe kwa namna unavyotembea, unaruka tope kama kuku. Wenzangu wakasema, "Hilaria, si mdogo wako yule?" Nikawaambia nyamazeni. Nilisema moyoni, aje mwenyewe aulize. Nikakuona unazunguka, unainama kwenye vibao. Nikasema, bado, aulize. Halafu nikakuona unapiga magoti kwa Kasimiri. Gelasi, nilikuwa na hasira. Nilikuwa nimemwosha Mama peke yangu, nimemzika bila mtoto wa kiume wa kutupa udongo. Nikasema acha amlilie Kasimiri, mzee mwenyewe alikuwa mchoyo wa asali, hakuna aliyemlilia vizuri alipokufa, angalau apate mtu. Wenzangu wakacheka. Na mimi nikacheka.

Halafu nikaona mabega yako. Nikaacha kucheka. Nikaweka jembe chini nivuke njia. Nikafikiri, nikifika nimwambie nini? Kwamba nilikuwa hapo tangu mwanzo, natazama? Nikaliokota jembe. Nilijua utapita nyumbani, nitakupikia, nitakwambia taratibu. Hukupita. Nikasikia lori.

Kwa hiyo huo mnyaa wako nilijua tangu barua yako ya kwanza kwamba ni wa nani. Nilimwambia Imakulata akuulize kama una uhakika. Hapo ningesema. Sikusema. Nikakuacha uandikie kata.

Mishubiri sasa ni mingi. Juzi Imakulata alinipeleka kwa gari la watu wa kwaya, nikaipapasa. Meno yake yaleyale. Nilikata jani moja nikalamba, nikakohoa, Danford akaniletea maji. Ni kijana mzuri. Alipopewa radhi zako alisema babu yake angefurahi kujua kuna mtu amemzungumzisha miaka arobaini na sita, maana wao wenyewe walikuwa wanakwenda siku ya marehemu tu.

Usiandike tena. Njoo. Goti hata mimi ninalo, mawili.

Ni mimi tena, Imakulata. Hapo amemaliza, ameniomba nimsomee kuhakikisha. Mtendaji amepokea barua yako ya kufuta, ameliondoa neno "ubishi". Uhamisho wa upande wetu ni Jumanne tarehe 8 Aprili, saa tatu asubuhi. Padre atakuja. Anatakiwa mtoto wa marehemu wa kutupa udongo wa kwanza.


Arusha, 16 Machi 2025

Dada yangu Hilaria, na Imakulata anayekusomea,

Shikamoo, dada. Sikumbuki mara ya mwisho kukupa salamu hiyo wewe mwenyewe badala ya kumtuma mtu.

Nimecheka pale pa kuku. Niko peke yangu nyumbani nikacheka mpaka jirani akaja kutazama. Halafu nikasoma pale ulipoliokota jembe, sikucheka tena. Umbali wa njia ile ni hatua kumi na mbili, nadhani. Tumechukua miaka arobaini na sita, na bado hatujavuka. Lakini sikuandikii kukulaumu. Ungevuka, mimi ningekudanganya tena juu ya tarehe.

Jumamosi ya kwanza ya mwezi huu niliupeleka mnyaa kwenye chama. Niliuweka katikati ya meza, kati ya dungusi za Meksiko na mimea midogo inayofanana na vimawe, nikaomba kalamu. Nikasimama mbele ya wanachama, nikapiga mstari mmoja juu ya maneno "kaburi la mama yangu". Mstari ulikwenda kombo. Chini yake nikaandika: "Kaburi la Kasimiri, mrina asali, Lunyala. Mkataji hakuuliza." Tarehe, jina. Nilidhani watanyamaza kwa aibu yangu. Lakini mzee mmoja, aliyekuwa akiniudhi miaka yote kwa kadi zake chafu, aliinuka akaomba kalamu hiyohiyo, akaenda kwenye mmea wake. Kisha na mwingine. Siku hiyo tulichelewa kuondoka.

Sasa sikiliza, Imakulata. Nimekwisha kukata tiketi. Nitaondoka hapa Ijumaa tarehe 4 Aprili, nilale Tabora, nifike Mpanda Jumamosi jioni. Nitakuwa na begi moja na ndoo moja. Ndani ya ndoo ni mnyaa. Nimeupogoa ukabaki kimo cha goti langu bovu, nimeufunga kwa magunia ili maziwa yasimchome mtu kwenye basi. Huo ni wa Danford. Ule mkubwa utang'olewa na barabara, basi huu ni mtoto wake, aupande kwa babu yake kule juu. Mwambie naomba kuupanda naye, akikubali. Kadi yake nitampa, yenye mstari wake.

Kwa upande wa Mama sitaleta mmea. Dada, wewe utakata kichipukizi kimoja cha mshubiri, utakibeba kwenye kanga kama ulivyofanya, na utanionyesha pa kuchimba. Nitakuwa nimesimama pembeni yako, na mbele ya watu wote, na Padre, na mtendaji, na wanawake watakaokuwa wanapalilia ng'ambo, nitakuuliza kwa sauti kubwa, maana sisikii hata yangu:

"Dada, mama yetu amezikwa wapi?"

Unishike mkono uuweke juu yake.

Mdogo wako,
Gelasius